Dhidi ya Waabudu Namba

Nimelichoka neno "orijino". Nililichoka kwanza mitumbani, nikalichoka tena kwenye maduka ya simu, na mwaka jana nikalikuta mahali ambapo sikulitarajia kabisa: kwenye gereji ndogo ya nyumba moja mjini Ludwigsburg, kusini mwa Ujerumani, ambamo mjomba wangu ameliweka gari lake, Porsche 911 ya mwaka 1973.

Najua mnachotaka kuuliza. Hapa ni ukumbi wa vitabu, gari linaingiaje? Linaingia, tena kwa mlango wa mbele. Ugomvi nilioushuhudia pale gereji ulikuwa ugomvi wa kusoma. Watu wawili walikuja kulisoma gari, wakasoma namba mbili, wakafunga kitabu. Siku hiyo nilinyamaza, maana nilikuwa mgeni nyumbani kwa mtu na Kijerumani changu ni cha kuombea chai. Leo niko kwetu, kwa hiyo nitasema.

Mjomba ni mtu wa Mombasa. Mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka 19, anajifunza ufundi, na katika Safari Rally ya mwaka huo Porsche ilileta 911 SC zilizoinuliwa juu, zimepakwa mistari ya Martini. Vic Preston Jr alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne. Ushindi ulichukuliwa na Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504. Ukimwuliza mjomba leo nani alishinda mwaka ule, atakujibu "sijui, Mfaransa mmoja", kisha atakuigizia kwa mdomo mlio wa injini ya silinda sita inayopozwa kwa hewa mpaka majirani wachungulie. Miaka mitatu baadaye alikwenda Ujerumani, akafanya kazi ya umakanika hadi kustaafu. Mwaka 1989 akanunua 911 T ambayo injini yake ilikuwa imekufa. Ile ya kwanza ilikuwa lita 2.4, nguvu ya farasi 130. Akatafuta nyingine kutoka kwa 911 ya 1975 iliyopinduka, lita 2.7, nguvu ya farasi 150, akaifunga kwa mikono yake. Gari likatembea. Linatembea mpaka leo.

Hapo ndipo dhambi yake ilipo.

Kwa wasiojua mambo haya, nieleze kwa ufupi. Porsche ya zamani ina namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati la mbele, chini ya boneti. Injini ina namba yake, giaboksi ina yake. Kiwanda kiliandika injini ipi iliingia kwenye gari lipi. Ikiwa injini iliyomo leo ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani, wenyewe husema namba zinaoana. Zisipooana, bei inaporomoka, na mwenye gari anaanza kuzungumza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye siri ya ukoo.

Na bei si mchezo. Oktoba 1972, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, Porsche ilitoa 911 Carrera RS 2.7. Kanuni za mashindano zilitaka magari 500 yatengenezwe kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, na watu wa mauzo waliogopa kwamba hayatapata wateja. Yakaisha kabla ya mwaka kwisha. Kufikia Julai 1973 yalikuwa yametengenezwa 1,580. Nguvu ya farasi 210, matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele, na juu ya boneti ya nyuma spoila ndogo ambayo dunia nzima inaiita mkia wa bata. Yale mepesi zaidi yalipewa bati jembamba na vioo vyembamba. Leo RS safi ya aina hiyo nyepesi imeshavuka dola milioni moja mnadani. Gari kama la mjomba, la kiwanda kile kile na mwaka ule ule, haligusi hata sehemu ndogo ya fedha hizo.

Sasa fikiri kama mwizi. Bodi ya T na bodi ya RS ni ndugu wa tumbo moja. Unapanua madigadi ya nyuma, unaweka mkia wa bata, unabandika maandishi ya Carrera ubavuni. Injini ya aina ile ile, ambayo kiwandani huitwa 911/83, ilifungwa pia kwenye Carrera 2.7 za Ulaya za miaka iliyofuata, kwa hiyo si kitu cha kuokota mbinguni. Kinachobaki ni namba. Namba za chasisi za RS huanza na 911360, na mtu mwenye nyundo, herufi za chuma na roho ngumu anaweza kuzigonga. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili huja na mtaalamu. Mtaalamu huangalia umbo la kila tarakimu, huangalia kama bati linalozunguka namba limekatwa na kuchomelewa upya, hupima unene wa rangi, hutafuta tarehe zilizogongwa nyuma ya rimu, kisha huomba hati ya kiwandani. Kazi hiyo naiheshimu. Ni kazi ya mhakiki wa miswada: anasoma karatasi, wino na mwandiko kabla ya kuamini jina lililo juu.

Wale wawili walikuja hivyo, na tochi na kifaa cha kupimia rangi. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa magari ya kale, mwingine msaidizi wake. Mjomba hakuwa na nia ya kuuza sana, ila magoti yamechoka na kuingia kwenye kiti kile cha chini kumekuwa kazi. Wakasoma namba ya chasisi. Wakazunguka nyuma, wakasoma namba ya injini. Yule mkubwa akatikisa kichwa kama daktari.

Mjomba akaingia ndani, akatoka na daftari lake.

Niwaeleze kuhusu daftari hili. Ni madaftari matatu kwa kweli, yamefungwa pamoja kwa kamba. Tangu siku alipolinunua gari mpaka leo, mjomba ameandika kila alichokifanya. Ameandika kwa Kiswahili, Kijerumani kikichungulia pale tu jina la kifaa lilipomshinda. Ameeleza jinsi skrubu ndefu zinazobana silinda zilivyoanza kung'oka kwenye bloku, ugonjwa unaojulikana sana wa injini za 2.7 za miaka ile kwa sababu bloku ni la magnesiamu na joto hulilegeza, na jinsi alivyotoboa upya na kutia nyuzi za chuma, mashimo yote, kwa majuma mawili ya likizo yake. Kuna kilomita, kuna bei, kuna hali ya hewa. Ukurasa mmoja unasema: "Usiku tumekwenda hospitali, mke wangu kajifungua salama, mtoto wa kike. Breki ya mbele kulia inalia." Mwingine unasema tu: "Nimelala chini ya gari. Kutu. Nimelia kidogo, nimeanza kukata."

Mfanyabiashara akafungua daftari, akapindua kurasa mbili, akauliza: "Hii lugha gani?" Alipojibiwa, akasema hicho si kitu anachoweza kumwonyesha mteja, akaliweka juu ya kiti. Kisha akataja bei yake, ndogo. Na baada ya bei, akatoa wazo. Kwa kuwa gari limeshapoteza uorijino wake, akasema, si lingefaa kugeuzwa? Madigadi mapana, mkia wa bata, injini ya 911/83 anaweza kuipata. "Kopi nzuri. Siyo kosa, ukisema ni kopi."

Ni kweli, siyo kosa ukisema ni kopi. Lakini hebu tufuate safari ya kopi hiyo. Mnunuzi wa kwanza anaambiwa ni kopi. Wa pili anaambiwa "karibu RS". Wa tatu ananunua kwa mjane asiyejua magari, karatasi zimepotea, na wa nne anaandikiwa kwenye tangazo kwamba historia ya gari haijakamilika. Wa tano ana nyundo na herufi za chuma.

Hoja yangu ndiyo hii, na naitoa bila kupunguza makali: waghushi hawakushuka kutoka mwezini. Wamezaliwa na waabudu namba. Soko linapomwambia mtu kwamba gari lake, lililotengenezwa kwa uaminifu na kuandikwa kwa uaminifu, ni takataka kwa sababu injini ilikufa na ikabadilishwa, soko hilo limemfundisha mambo mawili: usiandike ulichotengeneza, na ukiweza gonga namba upya. Ukweli unamgharimu, uongo unamlipa. Halafu mtu yule yule aliyepanga bei hizi analalamika eti feki zimejaa. Jamani!

Kuna watakaoniambia ninatetea jamaa yangu. Sawa, ninamtetea. Lakini nitazameni wenyewe jinsi mantiki yao inavyowaanguka. Porsche RSR, mtoto wa mashindano wa RS hiyo hiyo, ilishinda Daytona na Targa Florio mwaka 1973. Kwa magari ya aina hiyo injini ilikuwa kitu cha kutumika na kubadilishwa, karibu sawa na matairi. Gari lililokaa na injini moja bila kuguswa miaka 50 mara nyingi ni gari ambalo halikufanya kazi liliyoumbiwa. Tunalipa fedha nyingi zaidi kwa lile lililofanya kidogo zaidi. Lililokimbia, likavunjika, likatengenezwa, tunaliambia limeharibika sifa.

Tena serikali ya Ujerumani, ambayo haijulikani kwa ulegevu, imemzidi mfanyabiashara huyu kwa hekima. Huko kuna kibao cha namba chenye herufi H mwishoni, kwa magari yaliyotimiza miaka 30 na yanayotunzwa katika hali ya zama zake. Mkaguzi hulikagua gari na kuandika ripoti, na mwenye gari hulipa kodi moja ya yuro 191.73 kwa mwaka, injini iwe ndogo au kubwa. Kanuni hizo zinakubali mabadiliko yaliyokuwa ya kawaida katika miaka ya gari lenyewe. Injini ya 1975 ndani ya 911 ya 1973 ni ya ukoo mmoja. Gari la mjomba lina H. Dola inasema hili ni kumbukumbu ya historia, dalali anasema hapana. Mimi namwamini nani?

Mahakama pia iliwahi kuulizwa swali hili, London, mwaka 1990. Gari lenyewe lilikuwa Bentley, si la Kijerumani, lakini kila mpenzi wa magari ya kale anaijua kesi ile. Bentley hiyo ilishinda Le Mans mwaka 1929 na 1930, kisha ikabadilishwa tena na tena, mpaka vyuma vyake vya mwanzo vikabaki vichache. Mnunuzi aliyekubali kuilipia pauni milioni 10 akagoma, akisema si gari lile. Jaji Otton akaamua kwamba ndilo lile lile, kwa kuwa historia yake haikukatika: halikuvunjwa likatoweka, wala hapakutokea jingine kudai nafasi yake. Kilichomshawishi jaji ni mfululizo wa maisha ya gari. Kwa lugha nyingine, jaji alilisoma daftari.

Na hapa nawageukia nyinyi, wenzangu wa vitabu, msije mkadhani mmepona. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake tunayo kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani na kumbukumbuni mwa watu, yeye na Mwingereza William Taylor wakayaandika. Neno hapa lilibadilishwa na mkariri, mshororo pale ulizibwa na mtu ambaye hatutamjua kamwe. Namba za injini hazioani! Mbona hatumtupi Muyaka? Hatumtupi kwa sababu tunaelewa kwamba waliomkariri ndio waliomweka hai. Bila mikono ile iliyomgusagusa, tungekuwa na Muyaka orijino kabisa, safi, asiye na kosa hata moja, yuko kaburini.

Lakini tukiacha ushairi tukarudi kwenye maisha, nasi tuna ugonjwa ule ule. Najua mtu, tena mwandishi, mwenye toleo la kwanza la riwaya anayoipenda, limefungwa nailoni, hajalifungua. Ana jingine la kusoma. Najua wanaomdharau mzee anayesimulia hadithi kwa sababu "toleo lake" halifanani na lililochapishwa. Tunapenda kitu ambacho hakijaguswa, kisha tunashangaa kwamba kimekufa.

Na gari lisiloguswa hufa kweli, hii si tamathali. Mpira wa sili unakauka na kuanza kuvuja, petroli inaoza ndani ya tangi, pistoni za breki zinanata. Bodi za 911 hazikuanza kutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki mpaka matoleo ya mwaka 1976, kwa hiyo za 1973 zinaliwa na kutu hata zikiwa zimesimama zinasubiri bei ipande. Kiswahili kiliwahi kuwatungia jina wenye magari ya Kijerumani: Wabenzi, kama vile ni kabila. Lilikuwa jina la kejeli na lilistahili. Lakini Mbenzi wa zamani angalau alipanda gari lake, akatutimulia vumbi tukamwona. Huyu wa sasa amelifunika turubai kwenye ghala lenye kiyoyozi, analitazama kama hati ya benki. Anahesabu kilomita asizokwenda.

Nisikilizeni upande wa pili, kwa kuwa una haki yake. Mnunuzi anayetoa akiba ya maisha yake anahitaji kinga. Asipokagua namba, ataibiwa. Nakubali kabisa. Nikikutana kesho na mtu anayetaka kununua BMW M3 ya kwanza, ile ya 1986 hadi 1991, nitamwambia asije akadanganywa na madigadi mapana. Karibu magari 18,000 tu yalitengenezwa, na BMW za kawaida za umbo lile ni nyingi mno. Aangalie kama kioo cha nyuma kina mlalo wake wa pekee, kama rimu zina nati tano, kama injini ni ile ya silinda nne iitwayo S14, kama namba ya chasisi ni ya M3 kweli. Namba inajibu swali moja muhimu: je, kitu hiki ndicho unachoniambia ni hicho? Mwongo akamatwe hapo.

Ila mjomba hakudanganya. Alisema 911 T, na ni 911 T. Alisema injini imebadilishwa, na akatoa maandishi ya siku, saa na sababu. Swali la namba lilikuwa limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Kilichobaki kilikuwa swali la thamani, na hapo namba haina la kusema. Hapo unatakiwa uingie chini ya gari, uone mshono wa kuchomelea kama ni wa mtu aliyejali. Unatakiwa usome historia, na kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, umtafute mtafsiri. Unatakiwa upande, uendeshe kilomita 20, oili ipate moto, usikilize. Kizuri hakikosi ila, na mnunuzi wa kweli anataka kuijua ila na namna ilivyotibiwa. Asiyetaka kujua, akanunue hisa.

Mtasema maneno haya ni wivu wa mwandishi wa habari asiye na hela. Hela sina, hilo halina ubishi; gari langu ni la Kijapani na mlango wake wa nyuma haufunguki. Lakini nimeona mzee wa miaka sitini na kitu akisimama kwenye gereji yake, ameshika maisha yake yaliyofungwa kwa kamba, akiambiwa kwa adabu kwamba hayasomeki. Na nimeona jinsi, kwa sekunde chache, alivyolitazama gari lake kwa macho ya yule mgeni. Sekunde zile ndizo zilizoniudhi. Heri wangemtukana.

Hakuuza. Hakuligeuza kopi pia. "Mwanangu," aliniambia baadaye tukinywa chai, "mimi nikiweka mkia wa bata, daftari langu lote linakuwa uongo." Nchini kwetu hawezi kulileta kirahisi, maana Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo litabaki Ludwigsburg, na mimi nimeondoka na picha za kurasa zote. Nimeanza kuzichapa. Nimefika mwaka 1994, kwenye giaboksi.

Ukurasa wa mwisho aliuandika jioni ile ile, baada ya wale wawili kuondoka. Una tarehe, kilomita, na mistari mitatu: "Wamekuja watu wawili. Wamepima rangi, wamesoma namba. Hawakuliwasha."